Cheti changu si sahani ya bajia

Mke wa Mwalimu ameandika:

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa sijavua hata viatu vya usaili, na bahasha iliyo hapa mezani bado inanuka mafuta. Jina la bwana aliyenisaili sitalitaja, kwa kuwa halina haja ya kutajwa: yeyote aliyewahi kutafuta kazi katika mji huu wa Tanga anamjua bwana yule, anaijua ofisi yake, na analijua lile feni linalompulizia yeye peke yake huku mwombaji akichuruzika jasho upande wa pili wa meza.

Nilishuka stendi ya Kange wiki tatu zilizopita nikimfuata mume wangu, aliyehamishiwa huku kufundisha. Nina stashahada ya ugavi na miaka minne ya kutunza ghala huko Singida. Kila niliyemuuliza aliniambia kwamba Tanga ya sasa ina kazi. Kwamba bandari imeongezwa kina na meli zinafunga gatini, wala hazikai tena nangani kusubiri kushushiwa mizigo kwenye matishari. Na kwamba bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia hapo Chongoleani. Nikajiambia kwamba penye mizigo mingi kiasi hicho hapakosi nafasi ya mtu wa kuihesabu. Nikaifuatilia barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa mpaka mwenyekiti akanizoea, nikanyoosha sketi, nikaenda.

Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, muda ambao mkonge ungepandwa, ukakomaa na kukatwa. Nilipoitwa, yule bwana alikuwa anakunywa chai. Akaomba cheti halisi, nikampa. Hakukisoma. Alikilaza mezani, akapapasa karatasi ya gazeti kando yake, akatoa bajia tatu na kuzipanga juu ya cheti changu. Juu ya cheti, ndugu zangu!

Kisha akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani hapa mjini?" Nikamweleza kwamba mimi ni mgeni na mume wangu ni mwalimu. Akasema, "Sasa mwalimu si anakulisha?" Wakati huo mafuta yalikwisha kuanza safari. Yalitokea pembeni, yakavuka muhuri wa chuo, yakafika kwenye jina la marehemu baba yangu, nami nimesimama nayatazama kama mtu anayetazama maji yakiingia ndani ya nyumba yake. Mafuta yale yangetosha kuendesha boti hadi Pemba na kurudi. Aliponirudishia cheti alikikung'uta makombo, akacheka, akasema, "Tanga, waja leo waondoka leo."

Sikuja kuuliza sheria wala kuomba ushauri. Nauliza tu: bajia, juu ya cheti?

Mtoto wa Ngamiani:

Pole sana, dada. Usidhani ni kwa sababu ya ugeni. Mimi nimezaliwa Barabara ya Kumi na Mbili, na swali hilo la mtoto wa nani niliulizwa kwenye kiti hichohicho. Nilipomtaja mzee wangu, bwana yule alifungua daftari na kuniambia kwamba mzee wangu ana deni lake tangu zamani. Nilitoka nikiwa sina kazi na nina deni.

Babu wa Pongwe:

Binti yangu, pole, lakini kosa la kwanza ni lako. Cheti halisi hakiachwi mikononi mwa mtu. Mwombaji anakionyesha huku amekishika mwenyewe, kama mtoto mchanga anavyoonyeshwa kwa wageni, kisha anakirudisha kwenye bahasha.

Mpenda Historia:

Linalonichekesha ni mji huu kuuliza mtu ni mtoto wa nani. Mkonge wenyewe ni mgeni. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitokea Florida kwa kupitia Hamburg. Katika miche 1,000, iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na yote ikapata kazi bila kuleta barua ya mtaa. Waliokuja kuukata baadaye walikuwa manamba kutoka mikoa ya mbali. Leo wajukuu wao ndio wanaotuuliza tumetoka wapi.

Mpiga Muhuri:

Mleta uzi, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila au mahali mtu anakotoka, na kinamhesabu mwombaji wa kazi sawa na mwajiriwa.

Mtoto wa Ngamiani:

Na kuhusu bajia kinasemaje?

Kijana wa Sahare:

Nyinyi mnalia mafuta ya bajia, mimi niliyahangaikia mafuta yenyewe. Dalali wa kazi, ambaye nanyi mnamjua, alinitoza shilingi elfu thelathini akaniambia ni za fomu ya kazi za bomba, na kwamba kesho yake alfajiri niwe Chongoleani nikiwa na gambuti zangu. Nilifika, nikawakuta wenzangu kama arobaini, kila mmoja na gambuti mpya mkononi. Fomu hatukuiona, dalali hatukumwona. Tuliitazama bahari mpaka jua likawa kali, tukachangishana nauli.

Babu wa Pongwe:

Mwanangu, kazi halali hainunuliwi fomu kwa dalali barazani.

Kijana wa Sahare:

Babu, na wewe kila mtu kwako ana kosa la kwanza. Mbona hujasema la dalali?

Mke wa Mwalimu:

Jamani, naomba turudi kwenye cheti changu. Nimekipaka unga wa ngano kama mama mwenye nyumba alivyonielekeza, na sasa kina mafuta na kina unga. Kimebaki kukaangwa.

Shangazi wa Makorora:

Samahani, mwanangu, kuna jambo hukutueleza. Bajia zilikuwa za kunde au za dengu?

Mke wa Mwalimu:

Za kunde, shangazi. Chatne ya ukwaju aliiweka juu ya barua ya utambulisho.

Shangazi wa Makorora:

Basi ndiye. Nilikuwa nataka kuhakikisha tunamsema mtu mmoja.

Mtoto wa Ngamiani:

Bajia za kunde zile zinauzwa na mama mmoja nje ya lango lao, na ukifika baada ya saa nne hupati. Kwa kweli ni tamu.

Mpiga Muhuri:

Kijana wa Sahare, gambuti hizo bado unazo? Ni namba ngapi?

Kijana wa Sahare:

Namba nane, mkuu. Hazijaona tope hata siku moja.