Bonds, Rose au mwingine: nani anastahili Ukumbi wa Heshima wa besiboli?

KaraniWaUsiku, Kisumu

Wadau, salamu. Nafanya zamu ya usiku mapokezi, gesti moja hapa Milimani. Ikipita saa sita wageni wamelala, mpira wa Ulaya umekwisha, na kwenye runinga kinachobaki ni mahubiri na besiboli. Nikashika besiboli. Mechi za New York zinaanza kama saa nane usiku kwa saa zetu. Zile za California zinanikuta nikipanga vikombe vya chai ya wageni.

Asiyeujua mchezo achukue rounders ya shule ya msingi, aongeze glavu, pesa na mabishano. Mabishano ndiyo yaliyonileta hapa.

Kule Cooperstown, jimbo la New York, kuna Ukumbi wa Heshima wa wachezaji waliostaafu. Unangoja miaka 5 tangu uache kucheza, kisha waandishi wa besiboli wanakupigia kura. Ukipata asilimia 75 umeingia, na jina lako halikai kwenye kura zaidi ya miaka 10. Barry Bonds alipiga mipira 762 ikatoka nje ya uwanja, na katika ligi kuu hakuna aliyemfikia. Alitangazwa mchezaji bora wa mwaka mara 7. Mwaka 2022, nafasi yake ya mwisho, akapata asilimia 66. Yeye na Roger Clemens, mrushaji mwenye tuzo 7 za Cy Young (tuzo ya mrushaji bora wa mwaka), wakaachwa pamoja. Sababu ni tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Desemba 2025 kamati ya watu 16 ikawaangalia upya, ikamchagua Jeff Kent, na Bonds hakufikisha hata kura 5. Kent huyo alikuwa timu moja na Bonds, San Francisco, na mwaka 2002 walisukumana kwenye benchi kamera zikiona.

Pete Rose naye ana mapigo 4,256, yaani mipira aliyoipiga akafika kituoni salama, rekodi hadi leo. Alifungiwa maisha 1989 kwa kubeti mechi za besiboli, zikiwemo za timu aliyokuwa akiifundisha, Cincinnati, na akakana miaka mingi kabla ya kukubali. Alifariki 2024. Mwaka 2025 kamishna wa ligi akalitoa jina lake kwenye orodha ya waliofungiwa.

Msimamo wangu: Bonds aingie, Rose abaki nje. Nyinyi mnaonaje?

Mkeka_Kondele

Omera, huyo Rose alikuwa anabeti timu yake ishinde ama ipigwe? Kama ni ishinde, huyo ni mzalendo. Sisi tunaiwekea Gor Mahia kila wikendi, mkeka unachanika, na hakuna aliyetufungia.

Mwalimu_Lugari

Kijana wa Kondele, wewe umekaa jukwaani na mia yako. Yeye ndiye aliyepanga nani acheze na nani apumzishwe. Siku aliyoweka pesa, angeweza kumchosha mrushaji ili ashinde leo, kesho itajijua. Na siku ambayo hakuweka, wacheza kamari waliomfahamu walielewa nini? Usidhani ni mambo ya Marekani tu. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa klabu moja ya Kakamega kwa kupanga matokeo, mmoja wao maisha. Sijasikia mtu huku akidai wawekewe bamba la heshima ukutani.

Kwa Bonds pia sina huruma. Nafundisha watoto mbio. Asbel Kiprop ndiye aliyepewa dhahabu ya mita 1500 ya Beijing 2008 baada ya Rashid Ramzi kunyang'anywa kwa sababu ya dawa. Kisha Kiprop mwenyewe akafungiwa miaka 4 kwa EPO, dawa ya kuongeza nguvu. Picha yake ilikuwa ukutani, ofisi ya michezo. Watoto wenyewe ndio walioniuliza kama tuitoe, nikaitoa. Sasa niambie nimpe Bonds nini ambacho Kiprop sikumpa.

KaraniWaUsiku, Kisumu

Mwalimu, kwa heshima zote. Kiprop alikimbia akijua kuna vipimo na adhabu yake. Ligi kuu ya besiboli ilianza vipimo vyenye adhabu 2004. Mwaka 2001, Bonds alipopiga ile mipira 73 katika msimu mmoja, wenye timu walikuwa wakiuza tiketi na kunyamaza.

Halafu tazama kura yenyewe. Mwaka ule ule wa 2022 David Ortiz aliingia kwa mara yake ya kwanza, ingawa gazeti liliandika 2009 kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliopatikana na kitu katika vipimo vya siri vya 2003. Mwenyewe alikana kutumia dawa, sawa. Lakini Bud Selig, kamishna aliyekuwa usukani miaka yote hiyo, bamba lake liko ukutani tangu 2017. Kama ukumbi unaogopa dawa, huyo aliingiaje?

Beki_Tatu_Nakuru

Vijana wangu, mnagombania hao wawili na mnamruka mtu. Curt Flood.

Mimi si mtu wa besiboli. Nilicheza mpira wa miguu, beki wa kushoto, na mashimo ya uwanja wa Afraha wa zamani nayajua moja moja. Flood nilionyeshwa na binti yangu kwenye simu. Nilipoisikiliza ile video nikasema, huyu jamaa namfahamu.

Alikuwa mdakaji wa katikati wa St. Louis Cardinals. Glavu ya Dhahabu, tuzo ya udakaji bora, mara 7 mfululizo, ubingwa 1964 na 1967. Oktoba 1969 akapigiwa simu kwamba ameuzwa Philadelphia. Hakuulizwa, aliarifiwa. Enzi hizo kulikuwa na kipengele kilichomfunga mchezaji kwa klabu hata mkataba ukiisha: unakwenda wanakokupeleka, au unatundika viatu. Desemba akamwandikia kamishna Bowie Kuhn kwamba baada ya miaka 12 katika ligi hajioni kuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa bila yeye kutaka. Alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, kwa hiyo msiseme ni njaa iliyomtuma.

Akaenda kortini. Msimu mzima wa 1970 hakucheza. Jackie Robinson, aliyekwisha kustaafu, alikuja kumtolea ushahidi. Miongoni mwa waliokuwa bado wanacheza, hata mmoja hakutia mguu mle. Mwaka 1971 akajaribu kurudi na Washington, akacheza mechi 13, akaondoka. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikamwangusha, majaji 5 kwa 3. Halafu Desemba 1975, katika shauri la wachezaji wengine wawili, msuluhishi akaamua kwamba kile kipengele hakimfungi mchezaji milele. Pesa zote mnazosikia wanalipwa leo zimepitia mlango ule. Flood alifariki 1997 akiwa na miaka 59, na ukutani hayupo.

Sasa niwaambie nilimfahamia wapi. Klabu moja ya huko Kisumu ilinitaka. Ilikuwa timu ya kampuni, maana yake ni kazi: ovaroli, mshahara mwisho wa mwezi, chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Walichohitaji ni barua ya kuachiliwa kutoka klabu yangu. Nikaenda kwa katibu. Barua niliikuta mezani, imeshapigwa taipu, jina langu limerukwa herufi, inangoja muhuri tu, na muhuri wenyewe uko pale pembeni ya kikombe. Akaichukua, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo aliouning'iniza kwenye mshipi. "Waambie walete kitu." Hawakuleta kitu. Dirisha la usajili likafungwa mimi bado nafika pale kila Jumatatu, naamkia, naambiwa mwenyekiti hayupo. Msimu ule nilibeba magunia ya viazi sokoni na goti likaishia huko.

Na wenzangu wa timu? Walinipa pole gizani, mazoezini wakaangalia chini. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa na barua yake katika droo ile. Ndiyo maana niliposikia hakuna mchezaji aliyekwenda kukaa nyuma ya Flood kortini, niliirudisha ile video nikaisikiliza tena.

Kwa hiyo Bonds na Rose mniwie radhi. Mmoja alivunja rekodi, mwingine akavunja sheria na rekodi. Flood aliweka kazi yake mezani ili wengine wawe na kazi.

Mwalimu_Lugari

Mzee wangu, pole sana kwa goti na kwa barua. Lakini ukumbi ni wa waliocheza vizuri, si walioshtaki vizuri. Flood ana mapigo 1,861. Walio chini ya 2,000 walioingia wapo, ila ni wachache. Na mechi ya saba ya fainali za 1968, dhidi ya Detroit, ni yeye aliyeukadiria vibaya mpira ukampita juu, wakapoteza ubingwa. Waandishi walimpigia kura miaka mingi na hakukaribia.

Beki_Tatu_Nakuru

Mwalimu, huo mpira wa 1968 nimeuona. Aliteleza. Mabeki tunajua.

Mapigo 1,861 alipoacha ana miaka 33, na mwaka mzima aliutupa kortini. Na kama ni mapigo, hebu niambie Marvin Miller alipiga mangapi? Huyo ndiye mkuu wa chama cha wachezaji kilicholipia mawakili wa kesi ile. Alichaguliwa Desemba 2019 na hakuwahi kushika rungu la besiboli katika ligi. Wakili ndani, mteja nje?

KaraniWaUsiku, Kisumu

Miller hakuwa wakili, mzee, ni mchumi. Lakini swali lako sina jibu lake. Kwangu Bonds bado aingie, ila kwa kura moja tu niliyo nayo leo, naipeleka kwa Flood. Kamati ya wachezaji wa kabla ya 1980 inakutana Desemba 2027, na nafasi kwenye karatasi ya kura ni 8 tu. Rose sasa anaruhusiwa. Nahofia kelele zake zitameza karatasi yote.

Mkeka_Kondele

Kuna mahali wameshaweka odds za hiyo 2027?

Mwalimu_Lugari

Kijana!

Mkeka_Kondele

Nauliza tu, mwalimu. Haya, jaduong' wa Nakuru, yule katibu wa droo bado yuko?

Beki_Tatu_Nakuru

Yuko. Nina duka la vipuri vya pikipiki, na mjukuu wake anaendesha boda. Mzee huja mwenyewe kununua plagi, anasimama pale nje anasifia nilivyokuwa napanda na mpira upande wa kushoto. Namuuzia bei ya kila mtu. Kukopesha, hapana.