Mteja anataka dari ya kifalme ya Ufaransa, staili za baroko na rokoko zinatofautianaje?

FundiJipsamu_Nyegezi: Wakuu habari za mchana. Mi nafunga dari za jipsamu hapa Mwanza, nimepata mteja Bwiru kanitumia picha nane za majumba ya Ufaransa anataka sebule yake iwe vile, sasa nusu zimeandikwa baroko nusu rokoko mi naona dhahabu tupu kote. Sebule ni mita 5 kwa 4, dari haijainuka sana. Nifuate ipi?

mchora_ramani: Mkuu hivyo ni vitu viwili kabisa. Baroko ya Ufaransa ndo ya mfalme Louis wa 14, angalia Ukumbi wa Vioo pale kwenye jumba lake la Versailles, msanifu Hardouin-Mansart kaujenga 1678 mpaka 1684, urefu mita 73, madirisha 17 yanatazama bustani na upande wa pili matao 17 yamejaa vioo, jumla 357, na enzi hizo kioo kikubwa ni mali haswa maana Venezia, mji wa Italia, ndo walikuwa wameshika hiyo kazi. Marumaru kila mahali, kulia sawasawa na kushoto, dari nzima mchoraji Le Brun kachora matendo ya mfalme. Balozi akitembea mle mpaka afike kwenye kiti cha enzi ashajua anaenda kuongea na nani. Ukiuingiza kwenye mita 5 unamkandamiza mtu kichwani.

dada_mapambo: Naunga mkono, mpe rokoko. Louis wa 14 alivyofariki 1715 wakubwa wengi wakarudi kuishi kwenye nyumba zao Paris, vyumba vidogo vya kukaa na kupiga stori, ndo hii staili ikashamiri. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kifaransa la urembo wa mawe na magamba ya kome, kome kama hawa tunaookota ufukweni, kwa hiyo utaona magamba, vijani, mikunjo ya herufi C na S, na mara nyingi upande mmoja haufanani na mwingine. Tafuta picha ya sebule yenye umbo la yai kwenye Hôtel de Soubise, jumba la kifahari la Paris, kazi ya msanifu Boffrand, miaka ya 1730. Ukuta unapanda unajikunja mpaka huoni dari inaanzia wapi, nakshi nyeupe na dhahabu, basi. Nikiiangalia ile nasikia raha mpaka leo.

FundiJipsamu_Nyegezi: Aisee asanteni sana, dada hapo kwenye ukuta kujikunja ndo umenifungua, dari fupi ndo inapona hapo. Kesho nampelekea picha ya Soubise, na nakshi za kona nitazichonga kwa mkono maana fomu za kumwagia jipsamu nilizonazo zote kulia na kushoto ni pacha.