Mrejesho: Prado ya 1998, lami ya Nakuru na matope ya Mau Narok

Wakuu, niliuliza kama niinue Prado yangu inchi nne, ilhali kila siku naendesha mjini. Wengi mlisema mbili zinatosha, na nimefuata: springi na shokapu mpya, tairi zenye meno za 265/70R16. Fundi alianza na bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) zilizochakaa, na hapo tu usukani ukaacha kutetemeka.

Mau Narok baada ya mvua napunguza upepo wa tairi hadi PSI 20 (kipimo cha shinikizo), naweka gia nzito (ya nguvu na mwendo wa polepole) kabla ya kuingia topeni, gari inatambaa bila kuteleza ovyo. Nikifika lami najaza tena, maana tairi laini ikikimbizwa hupata moto. Ulaji wa mafuta umepanda kidogo. Winchi (mashine ya kuvuta gari likikwama) nimeiacha, kamba na koleo zinatosha. Asante sana aliyesisitiza alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.