CHDK kwenye PowerShot A590: shata 1/10000 inanipa giza tupu

Kondele_Picha (Kisumu)
Wadau, nina Canon PowerShot A590 IS niliyoiokota Kibuye kwa bei ya kutupa. CHDK, ile programu ya ziada inayoongezea kamera za Canon uwezo, nimeitia kwenye kadi na inawaka vizuri. Nataka kunasa tone la maji likitua kwenye beseni, lile taji linaloruka juu lionekane limeganda. Kamera yenyewe shata yake (muda wa kupokea mwanga) inakomea 1/2000 ya sekunde, na hapo tone bado lina mkia. Nikipandisha hadi 1/10000 mkia unaisha, lakini picha ni nyeusi. Nikiinua ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), chenga mtindo mmoja. Napigia sebuleni jioni nikitoka kazini. Nifanyeje? Na jirani ananitisha eti CHDK itaua kamera.

FundiSection58 (Nakuru)
Mwambie jirani alale. CHDK inakaa kwenye kadi na kupakiwa kila unapowasha. Rudisha kile kifungio cha pembeni mwa kadi, kamera inaamka na programu ya Canon kama kawaida.

Sasa hesabu. Tone likianguka nusu mita linafika majini kwa kasi ya takriban mita 3 kwa sekunde. Kwa 1/2000 linasogea kama milimita 1.5, mkia wako ndio huo. Kwa 1/10000 ni milimita 0.3, safi kabisa, ila umekata mwanga mara tano, na sebule ya jioni haina mwanga wa kukatwa.

Achana na shata basi. Funga pazia, zima taa, flashi ndiyo igandishe tone. Ishushe nguvu hadi chini kabisa, maana ikipungua nguvu mmweko nao unafupika. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alinasa taji lake la maziwa, 1957, kwa mmweko. ISO 80 inatosha ukiwa karibu. Simamisha kalamu pale tone linapotua, funga fokasi, toa kalamu. Matone yatoke kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa kwa sindano. Ukishazoea mdundo wake kidole kitajua. Tena tia maziwa, maji matupu hayaonekani vizuri.

NyarDunga
Usije ukategemea skripti ya CHDK ya kutambua mwendo, ile inayopiga picha yenyewe kitu kikibadilika mbele ya kamera. Mimi naitumia kwa radi, mawingu yakijikusanya juu ya ziwa, na inanasa kwa sababu radi moja mara nyingi ni mapigo kadhaa yanayofuata njia ileile. Ikikosa la kwanza inapata la pili. Tone halirudii! Na ununue betri za kuchaji, flashi itakufilisi.

Kondele_Picha
Taji limetoka, na vidole vyake vyote! Asante sana fundi. Ila kuna kivuli cha mviringo chini ya picha, kila picha.

FundiSection58
Hicho ni kivuli cha lenzi, umesogea mno. Rudi nyuma kidogo kisha vuta zumu.