Rigi yangu ya 2018 ya kuchimba sarafu za kidijitali inatakiwa itoke chumbani, naombeni ushauri

Kibodi_Makorora:

Wakuu salaam aleikum. Nipo Tanga, Makorora, naombeni ushauri maana hili jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa na nyumbani wanaona nahangaika na vyuma tu.

Nina rigi niliyoiunga mwenyewe 2018, kompyuta inayopiga hesabu usiku na mchana inalipwa sarafu, ina kadi sita za picha za RX 570 zenye memori ya GB 4, madabodi ile ya H110 Pro BTC+ yenye nafasi 13 za kadi, prosesa ya Celeron, SSD ya GB 60, vyote vimekaa kwenye fremu ya mbao niliyochongewa na seremala wa Ngamiani, nilimchorea kwenye karatasi ya daftari akaniuliza kijana hili ni banda la njiwa? nikamwambia fundi we chonga tu utaona. Sasa dada yangu anarudi kutoka Korogwe na watoto wawili, chumba kile ndio chao, haki yao kabisa sibishi. Jana kaja mtu wa skrepa kaiangalia mlangoni tu kasema elfu sitini vyote abebe. Mdogo wangu ananiambia chukua hela. Mie nimeshindwa kabisa kumjibu yule mtu, nikamwambia arudi Jumamosi.

Niwaeleze kidogo mnielewe. Mie nilianza wakati watu wanakimbia, Januari 2018 Ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum niliyokuja kuichimba, ilikuwa imefika kama dola 1,400, Desemba mwaka huohuo iko chini ya dola 100, ndio maana hizo kadi nilizipata, nne mtumba Kariakoo moja moja kila nikipata hela, mbili kaniletea jamaa baharia. Sikuwa najua chochote wakuu. Umeme nilikuwa najua kubadilisha taa. Hii rigi ndio ilinifundisha wati ni nini, ampea ni nini, waya gani unabeba mzigo gani, ikanifundisha na Linux maana nilikuwa nakaa na simu usiku nasoma neno moja moja. Kadi ilipotoka kiwandani ilikuwa inatoa megahashi 22 hivi, yaani hesabu milioni 22 kwa sekunde, nikajifunza kufungua bayosi, ile programu ya ndani ya kadi, nikakopi taimingi za memori nikazipachika kwenye spidi ya juu, nikashusha volteji ya chipu, ikapanda mpaka 29 na joto limepungua. Usiku ule nilitoka nje nikakaa barazani peke yangu mpaka adhana ya alfajiri, sina wa kumwambia, nani Makorora angenielewa?

Na chumba kile wakuu. Mama alikuwa anaweka bakuli la mkate wa kumimina mlangoni kwa rigi linaumuka haraka kuliko jikoni, masika yote kanga zinakauka mle ndani wakati kwa majirani zina harufu ya unyevu. Kipindi cha kaskazi kadi zinafika nyuzi 78 nalala na feni ya mezani imeelekezwa kwao sio kwangu, kusi ikiingia zinashuka sitini na kitu nami napata usingizi. Ule mvumo wa feni nimelala nao miaka minne. Desemba 2020 faili la DAG la Ethereum, ambalo lazima lienee kwenye memori ya kadi ndio ichimbe, likapita GB 4 kadi zangu zikawa hazitoshi tena, nikahamia Ethereum Classic, sarafu nyingine ya jamii hiyo, maana wenzao walikuwa wamelipunguza lao mwezi mmoja kabla, tukaendelea. Afu 15 Septemba 2022 Ethereum wakaacha uchimbaji kabisa, wachimbaji dunia nzima wakakimbilia huko nilipo, mgao wangu ukawa haufiki hata hela ya LUKU. Nikazima mwenyewe kwa mkono, kadi moja moja.

Sasa naomba ushauri, niuze kadi moja moja? nigawe? na je miaka mitatu zimekaa zimezimwa na huu upepo wa bahari wa kwetu zitakuwa bado nzima? Nataka ziende mahali zitakapofanya kazi, sitaki kuziona juu ya toroli la skrepa.

Fundi_Saketi:

Mkuu usimpe huyo wa skrepa, elfu sitini ni bei ya uzito wa alumini. RX 570 hata ya GB 4 bado inacheza magemu mengi kwa 1080p na inasaidia kuhariri video, kuna vijana wanaitafuta.

Ila kabla ya kuwasha chochote nisikilize. Chumvi ya bahari inavuta unyevu inakaa kwenye miguu ya vipande na kwenye ile sehemu ya dhahabu kadi inapochomekwa, ukiona unga wa kijani au mweupe ndio hiyo. Fungua feni, toa vumbi kwa brashi laini kavu, sehemu zenye unga safisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki mpya, acha ikauke vizuri. Usitumie spiriti ya dukani ya kuwashia jiko ina maji na rangi. Pesti ya joto kwa miaka hiyo imeshakuwa kama chokaa, badilisha zote sita. Pawa saplai usiifungue hata kama unajiamini, kapasita zake zinatunza umeme.

Na swali, raiza zako, vile vibodi vinavyounganisha kadi na madabodi, umeziunga na waya gani? Kama ni zile adapta za SATA zitoe leo leo, plagi ya SATA mwisho wake ni wati 54 na nafasi ya kadi inaruhusiwa kuvuta mpaka 75, nimeona plagi zimeyeyuka kabisa, fremu yako mbao na chumba watalala watoto.

Kibodi_Makorora:

Fundi asante sana. Mbili zilikuwa za SATA, nne ni za pini sita. Nimezitoa zote mbili sasa hivi na kweli moja imebadilika rangi pembeni imekuwa kahawia, sikuwahi kuiona miaka yote. Mungu alituhifadhi.

mtoto_wa_Usagara:

kaka kwani usiiwashe tu uchimbe koini nyingine zipo nyingi ndogondogo, uihamishie hata barazani

Kibodi_Makorora:

Mdogo wangu nilishapiga hesabu. Ukutani inavuta kama wati 800, kwa saa 24 ni uniti 19 na ushei, uniti moja kwetu ni kama shilingi 350, hiyo ni karibu 6,700 kwa siku, laki mbili kwa mwezi. Kwa sasa hairudishi hata robo. Na barazani na chumvi hii nitaziua mwenyewe.

Mzee_wa_Kusi:

Kijana wangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Mimi nilikuwa melini 2013, nikanunua zile Block Erupter za USB, kidude cha ukubwa wa kidole gumba chenye chipu moja, megahashi 330 na kidogo, umeme wati mbili na nusu tu. Nilikuwa nazo kumi kwenye habu moja ya USB na kifeni kidogo mbele yake maana zinachoma mkono. Wakati huo bloku moja ya bitcoin, yaani ukurasa mmoja wa daftari la miamala yake, ilikuwa inamlipa mchimbaji bitcoin 25, ilishashuka kutoka 50 Novemba 2012. Waliotangulia walichimba kwa prosesa za kawaida tu, wakaja wa kadi za picha za HD 5870, wale wa kadi walitamba sana, mwaka 2013 zikaingia ASIC, mashine za kuchimba tu, na kila baada ya bloku 2,016 ugumu wa kuchimba unapanda, unapanda, kila nikifika bandarini nikipata intaneti naona kilichoingia ni nusu ya safari iliyopita. Miezi michache tu zikawa hazina kazi.

Nilizigawa tisa kwa mabaharia wenzangu. Moja ninayo hapa Raskazone kwenye droo pamoja na daftari langu la ubaharia. Nakushauri hivi, gawa au uza, lakini bakiza moja. Moja haihitaji chumba. Mimi ningegawa zote kumi leo ningejuta.

binti_wa_Chumbageni:

Kaka Kibodi pole na hongera. Mimi nahariri video za harusi, natumia kompyuta ya ofisini isiyo na kadi kabisa, video ya saa mbili naiacha inatoka usiku kucha na asubuhi naikuta imegoma asilimia 80. Kama utauza naomba mbili, hata moja, nitalipa bei ya haki sio ya skrepa. Nipo karibu nakuja na pikipiki.

Na niseme kama dada, chumba wape watoto kwa moyo mweupe, usiweke hata boksi moja mle ukasema nitalitoa kesho. Watoto wa siku hizi watachomoa kila waya.

mbata_Bagamoyo:

Mimi huku Bagamoyo yangu ilikuwa S9, ASIC ya kuchimba bitcoin, nimecheka hapo kwenye mkate wa kumimina maana na sisi tulikuwa hivyo hivyo. Terahashi 13.5 (terahashi moja ni megahashi milioni), wati 1,300 na zaidi, bodi tatu zina chipu 63 kila moja jumla 189, mpaka leo nazikumbuka kwa idadi kama watoto wangu. Kelele zake sio za kulala nazo kama zako, ile inapiga kama mashine ya kusaga, nikaijengea kibanda uani. Hewa inayotoka nyuma ni ya moto na kavu, bibi akaniambia elekeza huko kwenye nazi, tukawa tunakaushia mbata, mvua inanyesha sisi tunakausha mbata! Bibi aliipenda mashine ile kuliko mimi, kila ikizimika ndio wa kwanza kuuliza.

Ila mkuu za aina yangu ndio ngumu kuzigawa, ASIC inajua hesabu moja tu ya SHA-256, haichezi gemu haihariri video. Na S9 inakula kama wati 98 kwa kila terahashi, S21 zilizokuja baadaye ni 17.5, na tangu Aprili 2024 bloku inalipa bitcoin 3.125 tu. Haina pa kwenda. Wewe una bahati, kadi zako zina maisha ya pili, mtu anayezitaka yuko Chumbageni hapo hapo kaandika juu. Usichelewe.

Fundi_Saketi:

Nakazia. Halafu Kibodi umesema ulibadilisha bayosi. Kabla hujampa dada kadi irudishie bayosi yake ya kiwandani, la sivyo draiva ya Windows inaweza kuikataa, isifanye kazi vizuri ataona umemuuzia mbovu. Na ile SSD usiitoe na mashine kabla hujaangalia kama kuna waleti (pochi ya sarafu) au yale maneno 12 ya kuirudishia umeyahifadhi mle.

Kibodi_Makorora:

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimeichomeka SSD kwenye laptopu. Waleti haikuwemo, nilikuwa na anwani tu ya kupokelea na maneno yangu niliyaandika kwenye karatasi anayo mama kwenye sanduku lake. Ila nimekuta kumbukumbu zote, jina la rigi nililolipa siku ya kwanza toteni01, kile kisiwa tunachokiona ukikaa pale ufukweni, nilishasahau kabisa nilikiita hivyo kwa sababu nilipanga ya pili iitwe ulenge01, kisiwa kingine. Haikuwahi kuja ya pili. Nimekaa nasoma zile namba mpaka saa nane, kuna siku moja Julai kadi zote sita zimekaa siku 41 bila kuzima hata mara moja, nakumbuka ile kusi.

Nimeamua. Mbili kwa dada wa Chumbageni, kwa bei ambayo tumeelewana PM. Tatu nampelekea mwalimu mmoja wa kompyuta namfahamu, ana vijana wanasoma mambo ya uhuishaji kwa mashine dhaifu sana, hizo sichukui hela ila nimemwomba nikae nao siku moja niwaonyeshe kadi inavyofunguliwa na kusafishwa. Moja inabaki, mzee wa Raskazone nimekusikia. Itaingia kwenye kompyuta ya mdogo wangu. Huyohuyo aliyesema niuze skrepa ndio kaja kuniuliza kama itacheza mpira.

Shida moja. Bayosi za kiwandani nilihifadhi tano, ya kadi ya sita faili halifunguki. Nifanyeje?

Fundi_Saketi:

Ya sita ni ya aina gani? Kama ni Sapphire angalia ukingo wa juu wa kadi, kuna kiswichi kidogo kama cha redio, nyingi zina bayosi mbili. Ukiwa ulibadilisha upande mmoja tu basi upande wa pili bado ni wa kiwandani. Zima kabisa, chomoa waya ukutani, kisukume na kijiti cha mbao, afu washa.

Kibodi_Makorora:

Ni Sapphire. Nakiona. Miaka yote hii nilidhani ni cha taa.

Mzee_wa_Kusi:

Tupe habari kijana.

Kibodi_Makorora:

Imetoa picha. Draiva imeingia bila kugoma. Nimeiacha inazunguka pale mezani, mama kapita mlangoni akasimama akaniuliza mbona sauti ndogo hivyo, nikamwambia leo ni moja tu mama. Akaenda zake jikoni akarudi na lile bakuli.