Tupeane uzoefu: mfuko wa kulalia mwepesi wa bei nafuu kwa safari za milimani

Nyayo za Lushoto

Wakuu, msimu wa kutembea umekaribia na swali la mfuko wa kulalia limerudi kila kona. Tukusanye hapa tunachokijua sisi tunaobeba mizigo yetu wenyewe: mfuko usiozidi kilo 1.2, bei ya mtu wa kawaida, na usiku usiwe wa kutetemeka. Simulizi za safari tuziache kwa siku nyingine. Leteni vipimo, sababu, na mambo yanayoharibika.

Naanza na jambo linalopoteza hela nyingi kuliko yote. Mifuko mingi ya bei ya chini iliyoko sokoni ni ya kiangazi cha Ulaya, yaani Julai ya tambarare yenye usiku wa nyuzi 12 hadi 15. Huku kwetu miezi mikavu tunayotembea, Juni hadi Septemba, ndiyo ile ile yenye baridi kali kuliko yote. Basi usinunue kwa msimu ulioandikwa kwenye lebo. Nunua kwa joto la mahali utakapolala.

Hesabu yake haina ugumu. Chukua joto la chini la usiku la mji ulio karibu, kisha toa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Arusha iko mita 1,400 hivi, na Julai usiku hushuka karibu na nyuzi 12. Kibanda cha Miriakamba, Mlima Meru, kiko mita 2,514. Umepanda mita 1,100, toa 7, zinabaki 5. Halafu toa nyingine 3 za tahadhari, kwa sababu anga likiwa safi bila wingu ardhi hupoa haraka, na hewa baridi huteremka ikajikusanya mabondeni. Hema lililopigwa kando ya kijito chini ya bonde huwa na baridi kuliko lililopigwa mita 30 juu yake kwenye mteremko, na umande wake ni mwingi zaidi.

Kiongozi wa Marangu

Umeanza vizuri, mkuu. Mimi niongeze upande wa lebo, maana hapo wauzaji wengi huwachanganya watu.

Mfuko uliopimwa rasmi una alama ya EN 13537, au ISO 23537 iliyochukua nafasi yake mwaka 2016. Utakuta namba tatu. Ya kwanza, "Comfort", ni joto ambalo mwanamke wa kipimo cha kawaida hulala amejilegeza bila kuhisi baridi. Ya pili, "Limit", ni ya mwanamume wa kipimo cha kawaida akiwa amejikunyata. Ya tatu, "Extreme", ni ya kuokoa maisha: mtu anaweza kumaliza saa 6 bila kufa kwa baridi, lakini kulala hatalala. Sasa muuzaji akikwambia "huu ni wa hasi 5", mara nyingi anasoma ile ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mfuko wa namna hiyo unaweza kuwa na Comfort ya 10 au 12.

Nunua kwa Comfort, hata kama wewe ni mwanamume. Mwili uliotembea saa 7 na kula kidogo hautoi joto kama mwili uliopumzika. Mfuko usio na alama ya kipimo kabisa, ile namba yake iongezee nyuzi 5 ndipo uifanyie hesabu. Na wazazi zingatieni: kipimo hiki hakihusu mifuko ya watoto, kwa hiyo mtoto mpe mfuko wenye akiba kubwa ya joto na usimwachie nafasi kubwa tupu miguuni. Ifunge kwa kamba nje ya mfuko.

Kwa kibanda cha Kibo, Kilimanjaro, mita 4,700, usinunue. Kodi Moshi kwa siku zako, kisha rudisha. Mfuko wa baridi ile ni mzito na wa ghali, na kwa safari zako za kawaida utakuwa unabeba joto usilolihitaji.

Mama Mitumba wa Karume

Wadogo zangu, mifuko mizuri ipo kwenye mitumba kuliko madukani, ila lazima ujue kuipapasa. Nenda asubuhi, mwanga ukiwa mzuri.

Kwanza utoe kwenye kifuko chake, uukung'ute, uutandaze, halafu uuache dakika 20 wakati unaangalia vitu vingine. Mfuko mzima hujaa hewa taratibu na kuinuka. Uliokufa hubaki bapa kama blanketi la zamani. Weka rula kando yake, upime tabaka la juu peke yake: sentimita 4 zinatosha usiku wa nyuzi 8 hadi 10, sentimita 6 zinakushusha karibu na sifuri. Kipimo hiki ni cha kukisia, lakini kwenye mtumba kiamini kuliko lebo, kwa sababu lebo ilisema kweli siku mfuko ulipokuwa mpya tu.

Kisha uinue juu uuelekeze kwenye jua. Ukiona vipande vyenye giza na vipande vinavyopitisha mwanga, ujazo umehama au umegandamana. Manyoya ya bata yaliyogandamana kwa uchafu yanaweza kufufuka yakifuliwa. Poliesta iliyobonyea hairudi, hata ufue mara ngapi. Angalia pia mishono: kama uzi wa nje umetokea ndani mahali pale pale, kitambaa cha juu na cha chini vimeshikana bila ujazo katikati, na kila mshono ni mstari wa baridi. Kwa nyuzi 10 unavumilika. Chini ya hapo uache.

Kunusa ni lazima. Harufu ya kuvu iliyokolea haitoki, na mara nyingi inamaanisha uzi umeanza kuoza. Sugua kitambaa kwa kidole gumba. Kikinata au kikitoa unga mweupe, ule utando wa kuzuia maji unabanduka na hauna dawa.

Usinunue bila kuingia ndani. Muuzaji akikataa, mwende kwa wa pili. Urefu wa ndani uwe urefu wako na sentimita 15 hadi 20 za ziada. Mabega yajae bila kubanwa, kwa sababu mfuko unaobana hugandamiza ujazo wake, na mfuko mpana kupita kiasi unakulazimisha kupasha joto hewa tupu.

Kijana wa Tanga

Shikamoo mama. Wakuu, nina mfuko wa gramu 900, Comfort 12, nataka kutoka Lushoto hadi Mtae mwezi wa saba kwa miguu. Utanifaa au nitafute mwingine?

Nyayo za Lushoto

Ndugu yangu, huo tunaweza kuufanyia kazi. Usiku wa Julai kwenye vijiji vya juu Usambara huzunguka nyuzi 10, na upepo wa Mtae ni mkali kwa kuwa kijiji kiko kwenye ukingo wa mlima. Kabla ya kununua mfuko mwingine, niambie unalalia nini.

Uzito wako hugandamiza ujazo wote ulio chini ya mgongo, kwa hiyo upande wa chini mfuko hausaidii kitu. Kinachokutenga na ardhi ni godoro. Hata ile namba ya lebo ilipatikana mfuko ukiwa juu ya godoro. Mfuko wa nyuzi 5 juu ya turubai tupu utakutesa kuliko mfuko wa nyuzi 12 juu ya godoro sahihi. Mwenye hela kidogo aanze na godoro.

Tafuta foamu ngumu ya vitundu vilivyofungwa, isiyonyonya maji, unene wa sentimita 1 hadi 2. Huwa na gramu 400 hivi na hufungwa nje ya shanta. Jaribio lake: kata kipande kidogo pembeni, kitumbukize kwenye maji, kibinye. Kikitoa mapovu na kurudi kizito, ni sponji ya kawaida, irudishe. Mkeka wa yoga wa plastiki unakaribia kilo 1 na ni mwembamba, hauna faida. Kama foamu ni nyembamba, iongezee shanta tupu chini ya miguu na kamba zako chini ya nyonga.

Ukiwa na godoro hilo, soksi kavu, kofia ya sufu na sweta la flisi, mfuko wako wa 12 unafika Mtae. Vibanda vya Marangu na vya Meru vina magodoro, kwa hiyo huko foamu iache nyumbani.

Daktari wa Shanta, Nairobi

Naona hakuna aliyegusa suala la manyoya na poliesta. Ubishi huu hauishi, lakini kwa bajeti ndogo jibu langu ni moja: poliesta kwa milima yenye mvua na ukungu, manyoya kwa sehemu kavu.

Manyoya laini ya bata hubanwa yakawa kama mkate mdogo na hudumu miaka mingi yakitunzwa. Yakilowa hushikamana na joto lote linaondoka, na kuyakausha porini ni kazi ya siku nzima ya jua. Poliesta ikilowa unaikamua polepole, unaitikisa, na bado inakupa joto kiasi. Hasara yake ni nafasi ndani ya shanta na uzito, kilo 1 hadi 1.5 kwa mifuko ya bei ya chini, na kila unapoibana inapoteza kidogo ya unene wake. Udzungwa, Uluguru na Aberdare ni misitu ya unyevu. Huko sibebi manyoya wala sishauri mtu ayabebe.

Ukinunua manyoya, zipo namba mbili za kuzidisha: gramu za ujazo na nguvu ya kuvimba ("fill power" kwenye lebo). Gramu 300 za nguvu 600 ni 180,000. Gramu 250 za nguvu 750 ni 187,500. Joto ni karibu sawa, tofauti yake ni gramu 50 za ujazo na pengo kubwa la bei. Chukua wa 600. Ukikuta "90/10" maana yake asilimia 90 ni manyoya laini na 10 ni yale yenye mti, yanayochoma na kutoboa kitambaa. Wenye 70/30 au chini ya hapo ni mzito kwa joto linalotoka.

Wale wa Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon: kambi ya Old Moses ni mita 3,300, ya Shipton's ni 4,200. Mfuko tunaouzungumzia hapa hautoshi Shipton's.

Fundi Cherehani

Zipu ndiyo inayoua mifuko mingi ambayo bado ni mizima. Ikifunga halafu meno yakaachia nyuma ya kitelezi, usikimbilie kubadilisha zipu nzima. Kitelezi kimepanuka. Chukua koleo, kibane kidogo sana pande zote mbili kwenye ukingo wa nyuma, ule ambao meno hutokea yakiwa yameshikana. Jaribu, bana tena kidogo. Ukibana kwa nguvu mara moja kinapasuka. Kikishindikana, kitelezi kipya cha saizi ile ile ni kitu kidogo sana kwa gharama. Namba ya saizi imechongwa mgongoni mwake, mara nyingi 5. Kitambaa kikinaswa, usivute mbele: rudisha kitelezi nyuma huku unavuta kitambaa pembeni.

Kabla ya kununua angalia kama zipu ina mto mwembamba unaoifunika kwa ndani, kuanzia juu hadi miguuni. Usipokuwepo, fundi anaweza kukushonea wa flisi upana wa sentimita 8, ushonwe upande mmoja tu.

Na shuka la ndani msinunue. Doti moja ya kanga inatosha. Likate katikati upate kanga mbili, ziunganishe kwa upande mrefu, utapata kipande cha mita 2.2 kwa 1.5. Kunja upana wake mara mbili, iwe sentimita 75. Shona chini na ubavuni, uache sentimita 40 za juu wazi ili mkono upite. Mshono wa katikati uwe bapa, usikuchubue. Joto litaongezeka nyuzi 1 au 2, na faida kubwa ni kwamba jasho na mafuta ya mwili yatabaki kwenye kanga, sio kwenye mfuko. Shida yake ni moja: pamba hukauka polepole, ianikeni juu ya shanta mkiwa mnatembea.

Kiongozi wa Marangu

Nakazia alichosema Fundi, maana kufua mfuko mara kwa mara kunaumaliza. Mara moja kwa mwaka inatosha. Beseni kubwa, maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo isiyo na dawa ya kulainisha nguo. Ukande kwa miguu, suuza hadi maji yatoke meupe. Usiuinue ukiwa umejaa maji, kuta za ndani zitachanika. Kwanza uukunje na kuukandamiza humo humo ndani ya beseni, kisha uubebe kwa mikono miwili kutoka chini. Anika bapa kivulini juu ya kichanja au neti. Wa manyoya unachukua siku 2 hadi 3, na kila baada ya saa chache vunja mabonge kwa vidole.

Safarini usiutegemee ule mfuko wa kubania wenye mikanda. Una gramu 100 na zaidi. Weka nailoni nzito ndani ya shanta, sukuma mfuko wa kulalia chini kabisa, vitu vingine vitaubana. Ukifika kambini utoe kwanza kabla hujapika, uwe na nusu saa ya kuvimba. Usiingize pua ndani unapolala, pumzi ni maji. Asubuhi ugeuze ndani nje, upate jua robo saa wakati chai inachemka.

Nyumbani usiuhifadhi ukiwa umebanwa. Uning'inize kabatini, au uuweke kwenye foronya mbili kubwa zilizoshonwa pamoja.

Kijana wa Tanga

Asanteni sana wakuu. Kesho naenda kutafuta foamu, kile kipande cha pembeni nitakijaribu kwenye maji kabla sijalipa. Doti ninayo tayari.