Mashindano yangu ya kwanza ya kunyanyua vyuma: kipi nibebe, kipi niache?

ChumaTupu:
Wakuu, habari za jioni. Napiga chuma mwaka wa tatu sasa, na mwezi ujao naingia mashindanoni kwa mara ya kwanza: skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), benchi presi (kusukuma chuma ukiwa umelala) na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni). Mwandaaji katuandikia mstari mmoja tu, "Sheria za IPF, klasiki." IPF najua ni shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ila zaidi ya hapo nimekwama.

Begi langu lina mkanda wa Kariakoo, mpana mgongoni, mwembamba mbele, una sponji ndani. Kuna bandeji ndefu za magoti, kamba za kushikia chuma, bandeji za vifundo vya mikono, na poda ya mtoto ninayopaka mapajani wakati wa dedilifti. Huvaa bukta na tisheti, na masikioni muziki. Skwati yangu ni kilo 180.

Jamaa mmoja wa jimu ananiambia nusu ya hivyo vitakataliwa. Ada ya kushiriki nimeilipa kwa kujinyima, naombeni mwongozo.

KochaTanga:
Mkuu, jamaa kasema kweli. Katika klasiki, yaani bila zile suti za kukaza zinazosaidia kunyanyua, goti linavaa soksi ya neoprini (mpira laini) tu, unene usizidi milimita 7 na urefu sentimita 30. Bandeji za magoti ni za wale wanaoshindana na suti za kukaza. Kamba ziache, hata hao wa suti hawaruhusiwi.

Mkanda mwisho upana sentimita 10 na unene milimita 13, na sponji ni marufuku. Bandeji za mikono beba, zisizidi mita 1, na kile kitanzi cha kidole gumba ukitoe kabla hujashika chuma. Badala ya bukta tafuta singleti, ile nguo ya kubana iliyoungana juu na chini, na ndani uvae chupi ya kawaida. Boksa yenye miguu hairuhusiwi.

Ila nina swali. Hiyo 180 unachuchumaa na bandeji au bila?

BabaJimu:
Dogo usihangaike, beba vyote. Mashindano ya huku kwetu hakuna anayepima mkanda.

DadaVyuma:
Kaka BabaJimu, usimpoteze mtoto wa watu. Mimi nilirudishwa kwa sababu ya soksi tu: zilipanda hadi zikagusa soksi za magoti. Nikahangaika kuzikunja huku jina langu linakaribia kuitwa, na ile skwati ya kwanza niliikosa kwa kutetemeka. Kwenye dedilifti soksi ndefu ni lazima, zifunike muundi, lakini zisifike gotini.

Poda inaruhusiwa, mafuta hapana. Ipake nyuma huko, mbali na jukwaa, kisha nawa viganja na ufute nyayo za raba, la sivyo chuma kitakuponyoka. Muziki uishie chumba cha kupasha misuli, na kofia pia. Ukifika karibu na jukwaa huruhusiwi kujifunga wala kurekebisha nguo, isipokuwa mkanda.

Halafu mpigie mwandaaji umuulize: anataka vifaa vilivyomo kwenye orodha ya IPF peke yake, au vipimo vikiwa sawa vinatosha? Muulize kabla hujanunua chochote.

ChumaTupu:
Asante dada. Kocha, sitakuficha, 180 ni na bandeji. Bila bandeji sijawahi kujaribu uzito mkubwa.

KochaTanga:
Basi hilo ndilo la kukunyima usingizi, mkanda utapatikana. Bandeji ndefu zinakusukuma kutoka chini, kwa hiyo hiyo 180 si yako bado. Una majaribio matatu kwa kila mtindo. Ukikosa skwati zote tatu, huna jumla ya mitindo mitatu, umetoka. Na uzito hauteremshwi: ukianza na 170 ukashindwa, jaribio la pili ni 170 au zaidi.

Kesho panda taratibu bila bandeji, mtu wa kukudaka awe nyuma yako. Uzito wa kuanzia uwe ule unaoweza kuunyanyua mara tatu siku ambayo umelala vibaya. Zoea pia kusubiri amri: usiteremke wala kurudisha chuma kabla mwamuzi hajasema. Wengi wananyimwa taa nyeupe hapo, ile ya kukubaliwa jaribio, na nguvu wanazo.

ChumaTupu:
Nimerudi, wakuu. Leo bila bandeji 150 imepanda, 160 imenikalia chini, wenzangu wakaidaka. Nitaanza na 137.5. Mwandaaji anasema vipimo vikiwa sawa vinatosha. Kuna mzee wa jimu kaniazima mkanda wake wa ngozi, nimeupima kwa rula: sentimita 10 kamili. Singleti ndiyo bado. Kwa Dar, nani anajua zinapouzwa?